Anzia Tenke: Namna ya Kuchora Mtandao Ukasomeka

Chukua karatasi ya A4, ilaze kwa upana, tafuta penseli na kifutio. Wino usubiri. Tutachora reli ya Katanga, kwa sababu kila mkazi wa Lubumbashi anaijua kidogo na wachache wanaijua yote. Ukiiweza hii, utaweza pia kuchora nani anamuuzia nani madini, kampuni ipi inamiliki ipi, au ukoo wa mama yako uliotawanyika kutoka Kasenga hadi Ndola.

Juu kabisa ya karatasi andika swali. Letu ni hili: mzigo wa Katanga unafikaje baharini? Usilione kama pambo. Swali ndilo litakaloamua kipi kiingie na kipi kibaki nje, na mchoro usio na swali humeza kila kitu hadi hausomeki.

Kisha andika orodha, safu mbili tu, kutoka na kwenda. Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Kapiri Mposhi na Ndola. Ndola na Sakania. Sakania na Lubumbashi. Lubumbashi na Likasi. Likasi na Tenke. Tenke na Kolwezi. Kolwezi na Dilolo. Dilolo na Lobito. Tenke na Kamina. Kamina na Kananga. Kananga na Ilebo. Kamina na Kabalo. Kabalo na Kalemie. Kabalo na Kongolo. Kongolo na Kindu.

Utaona nimeruka vituo vingi vya katikati, nimeacha tawi fupi la Kipushi, na reli ya Zambia nimeikata pale Kapiri Mposhi kana kwamba haiendelei Lusaka. Swali halikuvihitaji. Kama swali lingekuwa juu ya wafanyakazi wanaoishi Kipushi, tawi hilo lingekuwa la kwanza kuandikwa.

Safisha majina kabla hujaenda mbali. Kazi hii inachosha, na ndipo michoro mingi inapoharibikia. Ukitumia karatasi za zamani, Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Port-Francqui ni Ilebo. Binadamu anajua; kompyuta haijui, itakuchorea miji minne ya ziada. Kwa kampuni ni hatari zaidi. Andika Gécamines mara moja yenye alama juu ya e na mara nyingine isiyo nayo, nawe umezalisha kampuni mbili, kila moja ikiwa na nusu ya uhusiano wake. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo mali zake hapa zilitaifishwa ikaja kuzaliwa Gécamines, je, ni nukta moja na hiyo Gécamines au ni mbili? Ukichora nani alichimba wapi kwa karne nzima, moja yatosha. Ukichora nani aliyemnyang'anya nani, ziwe mbili. Amua, andika uamuzi wako pembeni, usiubadilishe katikati ya kazi.

Sasa hesabu. Vituo ni 17, viunganisho ni 16. Mtandao ulioshikamana wote, ambao viunganisho vyake ni pungufu ya vituo kwa kimoja tu, huitwa mti. Mti hauna mzunguko: kutoka kituo chochote kwenda kingine njia ni moja. Kwa hesabu hiyo ya sekunde chache umeshajua mambo mawili kabla penseli haijagusa karatasi. Reli hii inaweza kuchorwa bila mstari hata mmoja kukata mwenzake, kwa hiyo ukiona mistari imekatana, kosa ni la mkono wako. Na popote utakapoikata, mtandao utagawanyika vipande viwili.

Nukta kwanza, mstari baadaye

Wachokwe wa upande wa Dilolo na ng'ambo ya mpaka, Angola, wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona. Mchoraji husawazisha mchanga kwa kiganja, kisha kwa ncha za vidole hupiga nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa. Zikikamilika ndipo anapoanza mstari, unaozizunguka zote, mara nyingi bila kuinua kidole, huku akisimulia. Wanahisabati wameiandikia sona vitabu. Mimi nachukua utaratibu wake tu: nukta zote ziwe mahali pake ndipo mstari wa kwanza uchorwe. Anayechora nukta na mstari, nukta na mstari, hufika ukingoni mwa karatasi akiwa bado Kamina.

Nukta ya kwanza iwe ipi? Mkono wa mtu wa hapa utakwenda Lubumbashi. Uzuie. Rudi kwenye orodha uhesabu kila jina limetokea mara ngapi. Lubumbashi imetokea mara mbili: Sakania upande huu, Likasi upande ule. Mji wa mamilioni ya watu, lakini kwenye mtandao huu ni kituo cha kupita. Yaliyotokea mara tatu ni Tenke, Kamina na Kabalo. Tenke ni mji mdogo, lakini ndiko reli inakoamua kama mzigo unaelekea Angola au unaelekea kaskazini. Basi weka Tenke katikati ya karatasi, kushoto kidogo. Kamina juu yake. Kabalo juu zaidi, upande wa kulia. Hiyo ndiyo mifupa mitatu. Vingine vyote ni vidole vinavyotoka humo.

Panga vidole hivyo kufuata dira, kwa kuwa swali letu ni la safari: Kolwezi, Dilolo na Lobito zielekee kushoto; Kananga na Ilebo kushoto juu; Kongolo na Kindu juu; Kalemie kulia; Likasi, Lubumbashi na Sakania zishuke kulia chini, kisha Ndola na Kapiri Mposhi, halafu mstari upande hadi Dar es Salaam ukingoni mwa karatasi.

Hapa utakutana na kishawishi cha kufuata ramani. Hata London walikipata, hadi mwaka 1931, Harry Beck, fundi mchoraji aliyezoea michoro ya umeme, alipochora reli ya chini ya ardhi ya mji ule kwa mistari ya aina tatu tu: wima, mlalo na mshazari wa nyuzi 45. Mito na mitaa akaifuta yote isipokuwa mto Thames. Wakubwa walimkatalia mwanzoni. Mwaka 1933 mchoro ulitolewa kwa abiria, nao wakaung'ang'ania. Abiria wa treni ya chini haulizi amesafiri kilomita ngapi, anauliza abadilishe wapi.

Nyoosha reli yako kwa sheria ya Beck. Vituo viwe na nafasi sawa. Sasa Dilolo hadi Lobito ni upana wa kidole kimoja, na Lubumbashi hadi Likasi ni kidole kimoja pia, ilhali ile ya kwanza ni kilomita 1,344 na hii ya pili haifiki hata 200. Umedanganya, na hakuna ubaya mradi useme. Andika 1,344 juu ya mstari wa Lobito na 1,860 juu ya ule wa Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, urefu wa TAZARA. Tarakimu ndogo mahali pake inatosha.

Ilebo inataka alama ya pekee. Reli inaishia pale mtoni Kasai. Mzigo hupakiwa kwenye chombo hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Kila mahali mzigo unapobadilisha chombo, chora mraba badala ya duara, na kwa Ilebo ongeza mshale mfupi wa vitone ukielekea nje ya karatasi ulioandikwa Matadi. Mito mingine tuiache.

Mzunguko mmoja

Ongeza sasa ziwa. Kutoka Kalemie meli huvuka Tanganyika hadi Kigoma, na Kigoma ina reli hadi Dar es Salaam tangu mwaka 1914. Nukta mpya moja, viunganisho vipya viwili. Vituo 18, viunganisho 18. Mti umekufa: pamezaliwa mzunguko mmoja, na ni mmoja tu. Kanuni yake ni nyepesi: toa vituo kwenye viunganisho, ongeza moja, upate idadi ya mizunguko. Kwa mtandao mkubwa hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kufanya, maana inakuambia kama unachokabili ni mti wenye viraka au ni wavu wa samaki.

Mzunguko ukiwa mmoja, uonekane kama mzunguko. Futa, sogeza Kigoma juu ya Dar es Salaam, na panga upya ili Tenke, Kamina, Kabalo, Kalemie, Kigoma, Dar es Salaam, Kapiri Mposhi, Ndola, Sakania, Lubumbashi na Likasi zifanye mstatili mkubwa. Vingine vyote vining'inie nje yake. Ghafla jicho linaona jambo ambalo orodha haikulisema: mzigo wa Lubumbashi una njia mbili za kufika bahari ya Hindi, moja kwa kusini, nyingine kwa ziwani.

Lakini chunguza ile nukta ya Dar es Salaam. TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli ya zamani ya Kigoma ina milimita 1,000. Behewa la huku haliwezi kuingia kule, na hata stesheni ni mbili mbalimbali. Nukta moja imeficha ufa. Ukijibu swali la mzigo, mraba unatosha. Ukijibu swali la mabehewa, chora nukta mbili zisizogusana, nao mzunguko wako utafunguka tena.

Kompyuta inapopanga mahali

Mtandao wa vituo 18 unachoreka kwa mkono. Wenye nukta 150 unahitaji programu. Gephi ni ya bure, na Graphviz pia. Ukishazipakua hazikuulizi intaneti tena, jambo la maana kwa sisi tunaonunua mega kwa kuhesabu. Gephi inataka orodha ileile ya safu mbili, ya kwanza iitwe Source na ya pili Target, faili lihifadhiwe kwa UTF-8 ili alama za Kifaransa zisigeuke takataka.

Ukibonyeza, itapanga nukta kwa nguvu za kubuni: kila nukta inamsukuma mwenzake kama sumaku zenye ncha moja, na kila mstari unavuta kama springi. Wazo hilo limeenea tangu Fruchterman na Reingold walichapishe mwaka 1991. Nukta zinatapatapa kwenye skrini, zinatulia, na picha inapendeza kuliko unavyostahili. Hapo ndipo wengi huchapisha na kuondoka.

Nami nilifanya hivyo. Nilipeleka mkutanoni mchoro wa wasafirishaji na wateja wao, nukta mia na kitu, rangi sita. Papa mmoja, mstaafu wa reli, aliuangalia muda mrefu, akaweka kidole juu ya nukta moja. "Kampuni hii, juu ya nini iko pa juu?" Nikamweleza kwa heshima kwamba haina maana yoyote, kompyuta ndiyo imeiweka pale, ningebonyeza tena ingeshuka chini. Akavua miwani. "Sasa ulituletea ya nini?"

Sijapata jibu zuri hadi leo, kwa sababu alikuwa na haki. Msomaji husoma mahali kabla ya kusoma jina. Aliye juu ni mkubwa, aliye katikati ni muhimu, walio karibu ni ndugu, aliye pembeni ametengwa. Hutaweza kumwondolea tabia hiyo kwa maelezo chini ya picha. Kilichobaki ni kuhakikisha juu, chini, kushoto na kulia vina maana kweli. Gephi itumie kuchungulia: nani kajikusanya na nani, nani daraja kati ya makundi mawili. Ukishaona, panga upya wewe mwenyewe.

Kwa biashara ya madini mpango unaojipendekeza ni wa tabaka, kushoto kwenda kulia: mashimo, depo, viwanda, mpaka, bandari. Hapo upande una maana, kwani jiwe halirudi shimoni. Kinachobaki ni kupanga nani akae juu ya nani ndani ya kila tabaka, na kuna hila ambayo Wajapani, Sugiyama na wenzake, waliitoa mwaka 1981, ambayo inafanyika hata mezani. Tuseme mashimo ni A, B, C kutoka juu kwenda chini, na depo ni 1, 2, 3. Shimo A linauza depo 3. B linauza depo 1 na 2. C linauza depo 1. Chora. Mistari inakatana mara nne, na macho tayari yamechoka kwa mistari minne tu. Sasa kila depo itafutie wastani wa wauzaji wake, A ikiwa 1, B 2, C 3. Depo 1 inanunua kwa B na C, wastani 2.5. Depo 2 inanunua kwa B, 2. Depo 3 kwa A, 1. Zipange kwa wastani huo: 3 juu, 2 katikati, 1 chini. Chora tena. Haikatani hata mara moja, na hakuna muuzaji uliyemwondoa. Ukiwa na tabaka nyingi, nenda kulia ukipanga, rudi kushoto ukipanga, mara tatu au nne, mpaka haipungui tena. Graphviz, kwa amri yake iitwayo dot, inafanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Wakati mwingine hata tabaka hazisaidii, kwa sababu kila mtu anafanya biashara na kila mtu. Hapo una njia mbili za uungwana. Ya kwanza ni kukata. Waandishi wa habari walioichambua Panama Papers mwaka 2016 walikuwa na kampuni zaidi ya 200,000. Hukuti mchoro mmoja wenye zote ukasomeka. Walianza na jina moja, wakafungua majirani zake, kisha majirani wa majirani, wakasimama. Hatua mbili kwa kawaida zinatosha.

Ya pili ni kuacha nukta kabisa. Ile pembetatu ya kilomita iliyo nyuma ya ramani za barabara, Likasi upande huu, Kolwezi juu, na namba pale inapokutana, nayo ni picha ya mtandao. Majina yaleyale yapange kwenye safu na kwenye mistari, tia weusi kila wanapouziana, kisha sogeza safu hadi weusi ukusanyike kwenye madonge. Mwaka 2004 watafiti watatu nchini Ufaransa waliwapima watu kwa picha za aina zote mbili: nukta zikizidi kama 20, jedwali lilishinda karibu katika kila swali, isipokuwa lile la kufuata njia kutoka huyu hadi yule. Wasomaji wetu hawalizoei haraka, nakiri. Wape mfano wa ile pembetatu ya kilomita.

Kama mtandao umekua kwa miaka, usiuhuishe kwenye skrini ukadhani umesaidia. Chora picha ndogo tatu au nne zikiwa pamoja, kila kituo kikae palepale katika zote. Reli yetu inafaa: 1910, treni inafika Lubumbashi kutoka kusini, 1928, iko Ilebo, 1931, Lobito, 1956, Kamina inaunganishwa na Kabalo, miaka ya 1970, TAZARA. Ukiziweka sambamba unaona kwamba hadi 1956 reli za Kalemie na za Lubumbashi zilikuwa mitandao miwili isiyogusana. Mchoro wa mwisho peke yake hauwezi kukuambia hilo.

Mwisho nenda duka la fotokopi, lolote, toa nakala nyeusi moja. Huko ndiko mchoro wako utakakoishia hata kama umeutuma wenye rangi. Kama nyekundu na kijani zimekuwa kijivu kilekile, badilisha: mstari mnene kwa mzigo mkubwa, vitone kwa meli, mstari mwembamba kwa reli isiyopitisha treni nyingi. Maandishi yote yalale, hakuna jina la kusomwa kwa kupinda shingo.

Kisha nakala hiyo mpe mtu asiyekuwepo ulipochora, ukae kimya. Usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri. Muulize kituo gani kikifungwa Kindu haifikiki tena kutoka Lubumbashi. Kwenye mti wetu wa kwanza ataonyesha vitano: Likasi, Tenke, Kamina, Kabalo na Kongolo. Kwenye mchoro wenye ziwa vinabaki viwili, Kabalo na Kongolo, na anapaswa kuviona kabla hujahesabu hadi thelathini. Asipoviona, rudi kwenye penseli.